Kufundisha watoto hesabu kwa michezo ya wazee: maelezo kwa walimu na wazazi wa Bunyakiri

Mtoto anayeuza mafuta ya mawese pamoja na mama yake huko Bulambika anahesabu makopo, anapokea franga, anarudisha zinazobaki, na mara chache anakosea. Mtoto huyo huyo akiitwa mbele ya ubao kufanya 64 : 16, ananyamaza na kuangalia miguu yake. Walimu wa Bunyakiri wanalijua jambo hili vizuri. Akili ya hesabu anayo. Kilichokosekana ni njia ya kutoka sokoni mpaka kwenye daftari.

Katika makala hii tunaeleza njia moja ambayo wazee wetu na wazee wa mataifa mengine walikwisha kuianza bila kuiita somo: michezo ya kuhesabu, kugawa, kuchora na kubashiri. Tunaiandikia walimu wa shule za msingi, viongozi wa ekodimu na wazazi walio nyumbani. Kila mchezo tutauelezea asili yake, namna unavyochezwa, na hesabu iliyomo ndani yake.

Hali ya shule zetu

Bunyakiri iko katika teritware ya Kalehe, kwenye barabara ya taifa namba 3 inayotoka Bukavu, inapita ndani ya msitu wa Kahuzi-Biega, kisha inashuka kuelekea Hombo na Walikale. Shule nyingi huku zinaendeshwa na makanisa kwa mapatano na Serikali, mapatano yaliyotiwa sahihi mwaka 1977. Tangu Septemba 2019, masomo ya shule ya msingi ya Serikali na ya makanisa yalitangazwa kuwa bure. Tulishukuru, na bado tunashukuru, lakini kila mwalimu anajua kilichofuata: watoto walijaa darasani kuliko mabenchi, na kitabu kimoja cha hesabu kikaombwa na mikono mingi.

Juu ya hayo kuna vita. Tangu 1996 watu wa Kalehe wamekimbia, wamerudi, wamekimbia tena. Mtoto anayefika kwa jamaa zake baada ya kulala porini hana daftari wala kalamu. Hata anayebaki kwao, miezi ya shule iliyopotea hairudishwi na mtu. Na hesabu ina tabia yake: ni kama ngazi. Aliyekosa kujifunza kugawa katika mwaka wa tatu, mwaka wa tano hataelewa sehemu, na mtihani wa kumaliza shule ya msingi utamkuta hapo hapo.

Kuna hasara nyingine inayotajwa mara chache. Michezo hii haikuandikwa. Ilipita kutoka kwa babu kwenda kwa mjukuu, jioni, wakiwa wamekaa pamoja. Jamaa zikitawanyika, babu yuko Bukavu kwa mtoto wake, wajukuu wako kambini, na mchezo unakatika katikati. Ndiyo sababu tunawaomba walimu wasichukue tu michezo tunayoitaja hapa. Waende kwa wazee wa kijiji, waulize majina ya michezo kwa Kitembo na kanuni zake, waandike.

Mfupa wa Ishango

Kabla ya kufika kwenye michezo, kuna kitu kimoja ambacho kila mtoto wa Kivu anastahili kukijua. Mwaka 1950, mtaalamu wa miamba kutoka Ubelgiji, Jean de Heinzelin, alichimba huko Ishango, mahali mto Semliki unapotoka katika Ziwa Edward, Kivu ya Kaskazini. Alipata mfupa mdogo wa urefu wa sentimita kumi hivi, wenye kipande cha jiwe gumu kwenye ncha yake na alama nyingi zilizochongwa kwa makundi. Wataalamu wanaukadiria kuwa na umri wa miaka 20,000 hivi. Leo umehifadhiwa Brussels.

Alama hizo ziko katika mistari mitatu. Mmoja una makundi ya 11, 13, 17 na 19. Wa pili una 9, 19, 21 na 11. Wa tatu una makundi madogo zaidi: 3, 6, 4, 8, 10, 5, 5 na 7. Mwambie mtoto wa mwaka wa pili ajumlishe kila mstari. Atapata 60, kisha 60, kisha 48. Atashangaa, na wataalamu nao walishangaa. Wako wanaosema ni kalenda ya mwezi, wengine wanasema ni mazoezi ya kuzidisha kwa mbili (3 na 6, 4 na 8), na wengine wanaona ni alama za kuushika mfupa usiteleze mkononi. Wasomaji wetu watakutana pia na watu wanaodai kwamba mfupa huu unathibitisha wazee wa Ishango walijua namba tasa zote. Tunawashauri wasifundishe hivyo. Hakuna mtu awezaye kulithibitisha. Yatosha mtoto ajue kwamba alama za kuhesabu zilizo kati ya zile za kale zaidi duniani zilipatikana katika nchi yake, si mbali na kwao.

Fimbo ya mti na kisu vinatosha kwa somo lenyewe. Kila mtoto achonge siku za mvua za mwezi mmoja, kwa makundi ya watano watano. Mwisho wa mwezi wanalinganisha fimbo zao.

Mchezo wa mashimo

Huu ndio mchezo mkubwa wa Afrika, na hapa tutakaa zaidi. Rwanda wanauita igisoro, Burundi ikibuguzo, Uganda omweso, pwani ya Tanzania na Zanzibar wanauita bao. Katika nchi yetu, Waluba wana kisolo. Ghana wana oware, wenye mistari miwili ya mashimo sita na mbegu 48. Katika eneo letu la Maziwa Makuu ubao una mistari minne ya mashimo manane, yaani mashimo 32, na mbegu 64. Kila mchezaji ana mistari miwili iliyo upande wake, mashimo 16, na mbegu 32.

Hakuna sababu ya kununua ubao. Watoto wachimbe mashimo chini, uwanjani, kwa kisigino au kwa kijiti. Mbegu ziwe kokwa za mawese, ambazo Bunyakiri hazikosekani.

Kanuni, kama zinavyochezwa Uganda na kwa kufanana sana Rwanda, ni hizi. Mchezaji anachagua shimo lake lenye mbegu mbili au zaidi, anazitoa zote, anazipanda moja moja katika mashimo yanayofuata, akizunguka upande wake tu. Mbegu ya mwisho ikianguka katika shimo tupu, zamu imekwisha. Ikianguka katika shimo lenye mbegu, anazichukua zote pamoja na ile ya mwisho, anaendelea kupanda. Lakini ikiwa shimo hilo liko katika mstari wake wa mbele, na mashimo yote mawili ya mpinzani yaliyoelekeana nalo yana mbegu, anaziteka hizo za mpinzani, na kuzipanda tena kuanzia pale alipoanzia mzunguko ule. Anayekosa shimo lenye mbegu mbili ameshindwa.

Hesabu imo humo tangu kuanza. Kupanga mbegu nne nne katika mashimo manane ni 4 × 8. Mtoto wa mwaka wa kwanza anajifunza kitu ambacho wengi hujifunza kwa shida: mbegu moja, shimo moja, neno moja la kuhesabu. Asiruke shimo, asiweke mbili. Mwalimu akiona mtoto anayeruka, amejua tatizo liko wapi, bila mtihani.

Kwa mwaka wa tatu na wa nne, andika namba kando ya mashimo ya kila mchezaji, kutoka 1 mpaka 16, kwa kuzunguka. Kabla mtoto hajapanda, aseme mbegu ya mwisho itaanguka wapi. Akitoka shimo la 5 na mbegu 7, itaanguka katika shimo la 12, kwa kuwa 5 + 7 = 12. Akitoka shimo la 13 na mbegu 6? 13 + 6 = 19, lakini hakuna shimo la 19. Mwache afikiri. Atagundua kwamba baada ya 16 unarudi 1, kwa hiyo ni 19 − 16 = 3. Mtoto aliyefahamu hilo amefahamu baki la kugawa, lile ambalo kwenye daftari linaitwa “reste”. Akiwa na mbegu 16 mkononi, ya mwisho inarudi pale pale alipotoka. Akiwa na 35? Ni mizunguko miwili na mashimo matatu: 35 = 2 × 16 + 3. Hayo ndiyo yale yaliyomnyamazisha mbele ya ubao.

Kuna zoezi lingine tunalolipenda. Simamisha mchezo katikati, mtoto mmoja ahesabu mbegu zake. Ana 27. Bila kuhesabu upande wa pili, mwenzake ana ngapi? Mbegu zote ni 64, hazipotei, zinahama tu. Basi ana 37. Ni kutoa, lakini mtoto anaiona kama siri aliyoifumbua.

Bao la Zanzibar lina mwanzo mgumu zaidi. Kila mchezaji anaweka kete 6 katika shimo kubwa linaloitwa nyumba, 2 na 2 katika mashimo mawili ya jirani, na kubaki na 22 mkononi, anazoziingiza moja moja katika sehemu ya kwanza ya mchezo inayoitwa namua. 6 + 2 + 2 + 22 = 32. Mabingwa wa bao hukumbuka kete zilizo katika kila shimo na kupima hatua nyingi mbele. Kwa watoto wadogo ni mzito. Kwa vijana wa sekondari unafaa sana.

Kuchora bila kuinua kidole

Mwanzoni mwa karne ya 20, mtafiti kutoka Ulaya aliyefika kwa Wabushong, watu wa ufalme wa Wakuba katika Kasai, alikuta watoto wakicheza mchangani. Walichora umbo la mistari na kumwambia alichore yeye: bila kuinua kidole, na bila kupita mstari mmoja mara mbili. Alishindwa. Watoto hawakushindwa.

Mwaka 1736, Leonhard Euler, mtaalamu mkubwa wa hesabu kutoka Uswisi, alitatua fumbo la namna hiyo hiyo juu ya madaraja saba ya mji wa Königsberg, na jibu lake likafungua tawi zima la hesabu. Swali la watoto wa Kasai na swali la Euler ni moja.

Mchezo uko hivi. Chora mraba mchangani, kisha mistari miwili inayokatana kutoka pembe hadi pembe. Je, unaweza kuuchora wote bila kuinua kidole wala kurudia mstari? Waache watoto wajaribu hata dakika kumi. Hawataweza, na wasiambiwe mapema kwamba haiwezekani. Sasa ongeza paa juu ya mraba huo, pembetatu, ukawa kama nyumba. Sasa inawezekana, lakini kwa anayeanzia katika moja ya pembe mbili za chini tu.

Kwa nini? Hesabu mistari inayofika katika kila pembe. Kila mara kidole kinapopita mahali, kinatumia mistari miwili: mmoja wa kuingia, mmoja wa kutoka. Kwa hiyo pembe yenye mistari ya namba shufwa, yaani 2, 4 au 6, haileti taabu. Pembe yenye namba witiri, yaani 3 au 5, lazima iwe mwanzo au mwisho wa safari. Safari ina mwanzo mmoja na mwisho mmoja. Basi pembe za witiri zikizidi mbili, haiwezekani. Mraba usio na paa una pembe nne zenye mistari mitatu. Nyumba yenye paa ina mbili tu, zile za chini.

Tumeona watoto wa mwaka wa sita wakikamata jambo hili haraka kuliko watu wazima, pengine kwa kuwa watu wazima wanaogopa kukosea mbele ya wengine. Na ni hesabu ya kweli kabisa, ya kutoa sababu. Mara nyingi shuleni mtoto anaulizwa jibu ni ngapi. Ni mara chache sana anaulizwa kwa nini jambo haliwezekani.

Jirani zao, Wachokwe wa Angola na wa kusini mwa nchi yetu, walikuwa na michoro ya mchangani iitwayo sona, ambayo wazee waliitumia kusimulia hadithi na kufundisha vijana. Mwaka 2023 UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa wanadamu kwa ombi la Angola. Paulus Gerdes, mwalimu wa hesabu wa Msumbiji aliyefariki mwaka 2014, aliichunguza kwa miaka mingi. Katika aina moja ya sona, unapanga nukta kwa mistari na safu, kisha unachora mstari wa mshazari unaopita kati ya nukta na kugeuka kila unapofika ukingoni, kama mpira unaogonga ukuta, mpaka urudi ulipoanzia. Ukiwa na nukta 3 kwa 4, mstari mmoja unazizunguka nukta zote. Ukiwa na 4 kwa 6, mmoja hautoshi, inahitajika miwili. Kwa 3 kwa 6, mitatu. Idadi ya mistari ni ile namba kubwa kabisa inayogawa zote mbili bila baki, ile ambayo watoto wa mwaka wa tano na wa sita wanaikariri bila kuiona. Hapa wanaiona. Mwalimu ajizoeze kwanza peke yake kwenye karatasi ya miraba, kwa maana mchoro ukikosewa mahali pamoja, hesabu yote inavurugika.

Kurusha kokoto

Mchezo huu karibu kila taifa linao, na Tanzania wanauita mdako. Kokoto zinakaa ndani ya kashimo. Mtoto anarusha moja juu, na kabla haijaanguka anakokota nyingine kutoka shimoni, kisha anaidaka ile ya juu. Duru ya kwanza anachukua moja moja, ya pili mbili mbili, ya tatu tatu tatu.

Weka kokoto 12. Mbili mbili zinakwisha, tatu tatu zinakwisha, nne nne zinakwisha, tano tano zinabaki 2. Weka 10: tatu tatu inabaki 1. Weka 11 au 13: kwa vyovyote utakavyokokota, isipokuwa moja moja au zote pamoja, kuna inayobaki. Hapo mwalimu anaweza kurudi kwenye mfupa wa Ishango na ule mstari wa 11, 13, 17 na 19, na kuwaambia watoto wazijaribu hizo namba. Ni mahali pazuri pa kuwafundisha namba tasa ni nini, bila kudai kwamba mchongaji wa mfupa alikuwa anazitafuta.

Nzango

Wasichana wa Kongo zote mbili wanaujua: kuimba, kupiga makofi, kuruka, na kutupa mguu mbele kwa ghafula mbele ya mpinzani. Mwaka 2015 mchezo huu ulioneshwa hata katika Michezo ya Afrika huko Brazzaville. Upande mmoja unapata pointi miguu ikilingana kwa namna waliyokubaliana, upande wa pili isipolingana.

Andika ubaoni hali zote: kulia na kulia, kushoto na kushoto, kulia na kushoto, kushoto na kulia. Ni nne, na mbili ni za upande huu, mbili za ule. Je, mchezo ni wa haki? Ndiyo. Basi wacheze mara 40 huku mtoto mmoja akiandika alama. Je, itatoka 20 kwa 20? Mara nyingi hapana, itakaribia. Na kuna msichana mmoja ambaye atashinda kupita wote, kwa sababu amegundua kwamba mwenzake, akichoka, hutupa mguu wa kulia. Hapo wanajifunza tofauti ya bahati na kuchunguza.

Tunautaja mchezo huu pia kwa sababu nyingine. Michezo ya ubao, huku kwetu na pwani, kwa kawaida imekuwa ya wanaume barazani. Mwalimu asipoangalia, wavulana watazunguka mashimo na wasichana watasimama nyuma, au watatumwa kuchota maji. Nzango ni mchezo ambao msichana anaingia akijua zaidi kuliko kaka yake. Tunashauri kuanza nao.

Shisima

Huu ni wa watoto wa magharibi mwa Kenya, kwa Watiriki. Unachora umbo la pembe nane, unaunganisha kila pembe na kitovu. Kila mchezaji ana vipande vitatu, na anashinda akivipanga kwa mstari ulionyooka unaopita katikati. Unajifunzwa kwa dakika tano. Faida yake iko katika kuchora: namna gani tutagawa duara sehemu nane sawa? Kata katikati, kata tena, kata tena. 360 : 8 = 45. Kamba mbili na vijiti vinatosha.

Maswali tunayoulizwa makanisani

Swali la kwanza ni la wazazi: mtoto anaenda shuleni kusoma au kucheza? Ni swali la haki, hasa kwa mama aliyeuza mihogo ili kununua daftari. Jibu letu ni kwamba aangalie daftari lenyewe. Ikiwa baada ya majuma matatu ya michezo hakuna kilichoandikwa humo, mzazi ana haki ya kulalamika.

La pili ni juu ya kamari. Vijana wengi mijini wanapoteza franga kwa kubashiri matokeo ya mpira, na wazee wa kanisa wanaogopa kila mchezo wenye mshindi. Sisi tunasema wazi: hakuna kuweka dau, hata la pipi, hata la ndizi. Mshindi anapata kuanza mchezo unaofuata, basi. Mwalimu akiruhusu dau mara moja, watoto watajifunza kitu kingine kabisa.

La tatu ni la wale wanaoogopa kwamba mchezo wa wazee unabeba na ibada za wazee. Kuhesabu kokwa ni kuhesabu kokwa. Lakini ikiwa katika kijiji fulani mbegu au kifaa fulani kina matumizi mengine yanayosumbua dhamiri ya waamini, tumia kokoto. Hesabu haibadiliki.

Kutoka uwanjani mpaka daftarini

Hapa ndipo kazi nyingi za namna hii hufia. Watoto wanacheza, wanafurahi, kengele inalia, na kesho yake ubaoni wanarudi kunyamaza. Mchezo peke yake haufundishi kuandika 35 : 16. Inapaswa kuwe na daraja, na daraja hilo ni mwalimu.

Njia inayofaa ni hii. Siku ya kwanza watoto wanacheza bila kuandika. Siku ya pili, mmoja katika kila kundi ni mwandishi: anaandika “nilitoka 13, nilikuwa na 6, nilifika 3”. Siku ya tatu maneno hayo yanageuka kuwa alama: 13 + 6 = 19; 19 − 16 = 3. Siku ya nne mwalimu anaandika ubaoni mfano ambao haukuchezwa, na watoto wanautatua bila kokwa. Anayeshindwa anaruhusiwa kutoka nje, ahakikishe mashimoni, arudi. Ruhusa hiyo ya kutoka na kurudi isiondolewe haraka. Kuna mtoto atakayehitaji mara mbili, kuna atakayehitaji muhula mzima.

Lugha nayo iangaliwe. Sheria ya elimu ya mwaka 2014 inatambua lugha za taifa na lugha za mahali kama lugha za kufundishia. Mtoto wa Bunyakiri anaweza kuwa na Kitembo nyumbani, Kiswahili uwanjani, na Kifaransa kwenye mtihani. Acha abishane juu ya mchezo kwa lugha anayobishana nayo vizuri zaidi. Kisha, siku ya tatu, mpe neno la Kifaransa kwa kitu alichokwisha kukishika mkononi. Neno lililofika baada ya kitu linakaa. Lililotangulia kitu linasahauliwa mara tu mtihani umekwisha.

Katika darasa la watoto wengi, usijaribu kuwachezesha wote mara moja. Kundi la watoto wanne kwa ubao mmoja, wawili wawili kila upande wakishauriana, ni zuri kuliko mmoja mmoja: yule anayejua analazimika kueleza. Nusu ya darasa iko nje, nusu ndani inafanya mazoezi ya kuandika, kisha wanabadilishana. Mwalimu aliye peke yake anaweza kumwomba mzee mmoja wa kijiji akae uwanjani. Wapo watakaokubali kwa furaha, na wataleta kanuni ambazo hatukuziandika hapa.

Yapo pia ambayo michezo hii haiyafikii. Namba za desimali, vipimo vya lita na kilo, na hesabu ya franga ni afadhali zifundishwe kwa soko lenyewe: kopo la maharagi, bidoni ya mafuta, mizani ya mfanyabiashara. Na jedwali la kuzidisha bado linapaswa kukaririwa. Mchezo unasaidia kulielewa. Kulijua kwa moyo ni kazi nyingine.

Mwisho, juu ya vifaa. Mashimo ya uwanjani yanajaa maji wakati wa mvua, na Bunyakiri mvua ni nyingi. Chimbeni chini ya baraza la kanisa au la shule, pale paa linapofunika. Msitumie maharagi wala mahindi kama mbegu. Panya watayala, na katika miezi ya njaa si vema mtoto ambaye hakula asubuhi acheze na chakula. Kokwa za mawese zioshwe, zikaushwe juani siku kadhaa ili zisitoe mafuta mikononi, ziwekwe katika mfuko mmoja kwa kila ubao. Kabla ya mfuko kufungwa, watoto wahesabu kwa makundi ya nane: makundi manane, 64. Zikiwa 63, hakuna anayekwenda nyumbani mpaka ile moja ionekane.